Kitanda cha Bure cha Kampala

Nichekeni tu, nimezoea, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na mpaka leo nikipita duka lenye taa ya karabai imening'inia mlangoni mimi hugeuza uso upande wa pili wa barabara, kama mtu aliyekutana na mama mkwe akitoka kuoga. Na sikulazimishwa na mtu. Yote nilijitakia mwenyewe, kwa sababu nilitaka kutembea mji wa watu bila kulipia kitanda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na bei ya mkonge ilikuwa imeanguka huko ng'ambo, na ikianguka huko sisi wa huku kati ya Thika na Ruiru ndio tunaoumia. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya brashi, kazi ya kusugua nyuzi mpaka zing'ae, na jioni unatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Basi tukaitwa uwanjani tukaambiwa mashine zitalala wiki tatu, nasi tulale pamoja nazo, na posho hakuna. Wenzangu wenye akili wakaenda kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Mimi, Shem, mtoto wa Maragoli kule magharibi, nikaamua huo ndio wakati wa kwenda kuona Kampala.

Najua. Msinitazame hivyo.

Sababu ilikuwa Rebeka. Huyu alikuwa binti wa Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu pale Ruiru, Mkikuyu mpole, mtu wa maneno machache na macho yanayoingia mpaka mfukoni. Jumamosi moja mchana (hiyo Jumamosi muikumbuke, itarudi) tulikuwa tumesimama darajani, mimi na Rebeka na baiskeli yangu, nami nikimweleza mambo ya dunia kama kawaida yangu, akacheka akasema, "Shem, wewe unaijua dunia yote, na umefika wapi? Thika na kurudi Thika." Neno hilo likanikaa kifuani. Nikasema moyoni, nitafika Uganda, nirudi nikuhadithie mpaka uchoke.

Jumamosi hiyohiyo, saa zilezile tuko darajani, taa ya kanisa ikapotea. Karabai nzuri, ya kuwashia ibada za jioni, ilichukuliwa mchana kweupe. Aliyekuwa na ufunguo ni Mzee Zakayo, mfagiaji wa kanisa, na ingawa hakuna aliyemwita mwizi, alinyang'anywa ufunguo akapewa mtu mwingine, na tangu siku hiyo yule mzee akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Sasa nauli ya treni nilikuwa nayo, niliyokuwa nimeiweka ya kwenda nyumbani Krismasi. Kilichonishinda ni malazi. Lakini kulikuwa na wale ndugu waliookoka, nao walikuwa na desturi nzuri sana: ukiwa na barua ya ndugu wa kwenu, popote uendapo ndugu wa huko watakupokea, utakula, utalala, na hakuna atakayekuuliza utaondoka lini. Shida ni kwamba mimi sikuwa nimeokoka. Nilikuwa mtu wa kanisa, ndiyo, naimba besi, lakini kuokoka kwenyewe, kule kusimama mbele za watu na kutubu, nilikuwa nakupitia mbali.

Nikaenda kwa Mzee Yohana.

"Baba, nataka barua nikawaone ndugu wa Kampala."

Akaniangalia. "Kwani Shem, umeokoka?"

"Nimeokoka, Baba."

"Ngai! Lini?"

"Juzi," nikasema (juzi! hata uongo wenyewe sikuutengenezea siku ya maana).

Mzee akatoa leso akafuta macho. Akaniambia anajua habari yangu na Rebeka, na kwamba watu wanamwuliza atampaje mtoto mtu wa kutoka magharibi, na jibu lake ni moja, kwamba kwa waliookoka hakuna kabila. "Ukirudi," akasema, "tutaongea vizuri." Akaandika barua, nami nikaipokea kwa mikono miwili, nikajiona mjanja kuliko sungura.

Safari ya treni sitawachosha nayo. Daraja la tatu, benchi la mbao, viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa. Kampala nikapokewa na Ndugu Erisa, fundi cherehani wa kule Katwe, aliyejua Kiswahili cha kuvunjavunja, na tulipofika kwake mkewe akatoka jikoni, akafika mbele yangu, akapiga magoti chini. Ndiyo salamu yao kule, mwanamke humpigia mgeni magoti, lakini mimi nani alikuwa ameniambia? Kwetu ndugu akipiga magoti ni maombi yameanza. Nikaona hapa nisipoangalia nitajulikana siku ya kwanza, basi na mimi nikapiga magoti puu, nikafumba macho, nikaanza kuomba kwa sauti. Niliombea nyumba, nikaombea cherehani, nikaombea ndizi zilizokuwa jikoni, na nilipofumbua macho yule mama bado yuko magotini ananishangaa, na Ndugu Erisa amesimama machozi yanamtoka.

"Ndugu huyu amevunjika," akasema. "Mwanamume anampigia mwanamke magoti! Huyu amevunjika kweli."

Kuvunjika kwao ni sifa, ni kuwa mnyenyekevu. Na kwa sababu ya sifa hiyo, kesho yake nikapelekwa kwenye mkutano wa ndugu nikatoe ushuhuda.

Watu walijaa mpaka nje. Nikaketi mbele kabisa, nikawasikia wengine wakiungama kabla yangu, huyu alichukua mbuzi wa jirani na amemrudisha, yule alificha jembe la shemeji yake na amelirudisha, maana kwa ndugu hawa huwezi kutubu tu ukaenda zako, unakirudisha ulichoiba mbele ya macho ya mwenyewe. Zamu yangu ikafika. Nikasema mimi zamani nilikuwa na hasira. Ndugu Erisa akatafsiri. Nikasema mara moja moja nilikuwa na wivu pia. Mtu mmoja akakohoa.

Ndugu Erisa akaniinamia sikioni. "Ndugu, usiogope. Nuru iingie mpaka ndani."

Nikatafuta dhambi ya maana, kila niliyonayo ama ni ndogo ama ni ya kweli mno, na macho yangu yakapanda juu yakakutana na taa yao, karabai, imening'inia palepale kichwani pangu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Niliiba taa ya kanisa! Kule Ruiru!"

Ilipotafsiriwa tu, watu wakaruka. Wakaimba, wakanikumbatia, bibi mmoja mzee akanishika mashavu akilia, na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha. Nikaona nimepita mtihani. Hata sikumwona Ndugu Erisa akiomba karatasi na kalamu.

Kwa siku kumi nilizokaa nilizungushwa mkutano hadi mkutano niitubie ile taa, na kila nikirudia niliongeza kidogo, mara nilipitia dirishani, mara niliifunika na koti, na Ndugu Erisa naye akazidi kuandika. Mji wenyewe, ule wa kwenda kumhadithia Rebeka? Sikuuona. Nilichoona cha Kampala ni mabenchi.

Siku ya kurudi, treni iliposimama Ruiru nikasikia kuimba. Stesheni imejaa watu wa kanisa letu, wamevaa za Jumapili, nami nikageuka nyuma nione ni mkubwa gani ameshuka nyuma yangu. Hakuna mtu. Mzee Yohana akaja mikono wazi, barua ya Kampala mkononi.

"Shem! Ndugu yetu Erisa ametuandikia yote!"

Nilitaka kusema pale pale, Baba, ni uongo, sikuiba kitu, nilitaka kitanda tu. Nimefungua mdomo kabisa. Hapo watu wakampisha Mzee Zakayo, yule mfagiaji, akaja polepole na fimbo yake, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa migumu na baridi.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umenitoa benchi la nyuma."

Sasa niambieni nyinyi, ningesema nini? Nikisema sikuiba, Mzee Zakayo ananyang'anywa tena ufunguo aliorudishiwa, mbele ya umati. Nikameza maneno yangu, na kwa kweli nilikuwa naona aibu mpaka masikio yananguruma. Kando ya umati alikuwepo Rebeka. Haimbi. Duniani kote ni yeye peke yake aliyejua nilikuwa wapi Jumamosi ile mchana, na hakuweza kusema, maana binti wa mzee wa kanisa hasimami kwenye madaraja na wanaume.

"Na taa yenyewe, ndugu?" Mzee Yohana akauliza kwa upole. "Iko wapi tuirudishe?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu nilizidi kuirefusha. "Niliuza Thika," nikasema. "Dukani."

"Duka gani?"

"Nikiliona nitalijua."

Jumamosi iliyofuata tukaenda Thika, wazee wanne na mimi, na duka baada ya duka Mzee Yohana anavua kofia, anaeleza kwa adabu kwamba huyu ndugu aliyeokoka aliwauzia taa ya wizi, na sisi hatuna ubaya, tunaomba tu kuirudisha. Mnajua mwenye duka anapoambiwa mbele ya wateja kwamba ananunua vya wizi anakuwaje. La kwanza tulifukuzwa kwa maneno. La pili mwenyewe alitoka na ile yadi ya kupimia kitambaa akanielekezea puani. Kufika la tano umati unatufuata, wenzangu wa mkonge wamo humo, na mmoja, wa mashine ya kufunga marobota, akapaza sauti, "Shem, hebu tuonyeshe na dirisha ulilopitia!"

Nikasimama katikati ya barabara nikasema sikumbuki, wazee wangu, nisameheni, nitanunua nyingine. Na nilichokuwa nacho cha kubadilisha na taa mpya ni kimoja tu, ile baiskeli. Nikaiacha kwa fundi mmoja karibu na soko, nikarudi Ruiru kwa miguu nimebeba karabai kichwani, wazee wawili mbele, wawili nyuma, kama mfungwa.

Jumapili nikaikabidhi mbele ya kanisa. Mzee Zakayo akaipokea na ufunguo wake kiunoni. Halafu Mzee Yohana akasimama (hapa ndipo panaponiuma zaidi) akasema mbele ya wote kwamba mwizi aliyetubu ni mtoto wa nyumbani, kwamba sasa ameona kwa macho yake nimevunjika, na niwaite wazee wangu kutoka Maragoli waje waongee habari ya Rebeka. Watu wakapiga makofi. Kila nilichokuwa nakitaka kikawa kimewekwa mbele yangu kwenye sahani.

Baada ya ibada nilimkuta Rebeka nje, anafunga kitambaa kichwani. Nikamwambia, "Umesikia Baba alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi?"

Akamaliza kufunga kitambaa chake bila haraka. "Wote humo ndani wamekusamehe wizi," akasema. "Na hukuiba. Haiya, Shem, umenifanya nisimame stesheni niangalie baba yangu akilia kwa furaha ya kitu ambacho hakipo."

"Nilikosa, Rebeka. Nitarudisha heshima yake, nitafanya lolote."

"Mwizi anarudisha taa," akasema. "Mwongo anarudisha nini?"

Akaenda zake. Wazee wangu sikuwaita, maana aliwaambia kwao kwamba hataki, na alipoulizwa sababu hakuisema, akaibeba kimya mpaka alipoolewa kwingine. Mzee Yohana alikufa akiniita ndugu. Taa ile nani aliichukua sijui, na swali la Rebeka sijalipatia jibu.

Ila tangu hapo nikienda mji wa watu nalipa kitanda, na kama sina cha kulipa nabaki kwangu.