Soma Nisikie

Filister Amolo hakuingia darasani hata siku moja, lakini alijua kusoma ni nini. Kusoma ni sauti. Mchungaji husoma, waumini wakasikia. Karani wa chifu husoma majina, watu wakaitika. Anayekodolea maandishi macho huku amefunga mdomo anamficha mtu jambo. Amolo alimjua mmoja wa aina hiyo. Obonyo, mumewe, alikuwa akikaa mlangoni na simu, akisoma kimya na kutabasamu. Amolo alipokuja kugutuka, yaliyokuwa yakisomwa yalikuwa maneno ya Eddah wa Gatina, mwanamke aliyemaliza kidato cha nne. Siku ya kuhama nyumba yao ya Silanga kwenda kwa Eddah, Obonyo alimwambia, "Wewe nikikuandikia ujumbe ni kama nimeuandikia ukuta."

Kwa hiyo binti yao Daisy alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, kwa sharti kwamba apite kwanza mtihani wa Kiingereza wa chuo, Amolo aliweka sheria moja.

"Soma nisikie. Nisiposikia, husomi."

Sarufi Daisy aliiweza, insha pia. Kilichomtisha ni ufahamu, vile vifungu virefu vyenye maswali chini yake. Kila jioni alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya sukumawiki akasoma kwa sauti, mama yake akikata mboga. Akienda mbio, Amolo alimsimamisha: "Polepole. Unakimbizwa na nani?" Akinong'ona, alirudishwa mwanzo. Wateja wakazoea. Wekulo, muuza makaa wa jirani, ikawa hafungi kazi kabla ya kusikia kifungu.

"Mama Daisy, leo tunasomewa nini?"

"Muulize msomi."

"Ni ya barafu," Daisy akasema. "Barafu ya milimani inayeyuka."

"Na huko kwenu Siaya barafu iko?"

"Nyamaza, Wekulo," Amolo akasema. "Wewe ulifukuzwa shule na njaa ama na akili?"

"Na mwalimu. Alisema naharibu dawati."

Watu wakacheka, Daisy naye akacheka, kisha akaendelea. Amolo hakuelewa Kiingereza zaidi ya bei na salamu, lakini mtoto wake alikuwa akitiririka kama mtangazaji wa redio, na hilo lilimtosha. Hakuwa amefurahi hivyo tangu aolewe.

Siku ya mtihani ikafika. Katika ukumbi ule hakuna aliyefungua mdomo. Macho ya wenzake yaliteremka kwenye karatasi. Ya Daisy hayakwenda popote bila ulimi. Akaanza kunong'ona. Msimamizi akamwonya, akanong'ona tena, akahamishiwa kona ya nyuma huku wengine wakimcheka. Huko akafunga mdomo, na maana nayo ikamfungia. Karatasi zilipokusanywa alikuwa bado kwenye kifungu cha pili, na vifungu vilikuwa vinne.

Alianguka. Chuo kilimruhusu kurudia mara moja tu.

Alikuja na matokeo hayo hadi mbele ya meza, wateja wakiwa wamesimama pale.

"Ulinifanya nisome kama mtoto wa nasari," alisema. "Watu wanasoma na macho, mathe. Macho peke yake. Ungekuwa umesoma ungejua."

Wekulo akajifanya anapanga makaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeamini? Ungesema nakudanganya kama baba."

Lilikuwa jambo la kweli, na ndiyo sababu Amolo alimpiga kofi, mkono ukiwa bado umelowa maji ya mboga. Daisy hakulia. Alijifuta shavu, akaingia ndani, akafunga nguo zake, akaenda kwa baba yake Gatina.

Amolo alikaza moyo mpaka mtihani wa pili ulipokaribia. Ndipo akabeba omena aliyokaanga mwenyewe, akaenda huko Gatina, mtaani Kawangware, akapanda ngazi za ghorofa ya Obonyo na Eddah ambayo hakuwahi kutaka kuijua.

Eddah alifungua mlango. "Karibu, Mama Daisy. Keti. Tusiongee tu, anasoma."

Daisy alikuwa mezani, simu ikimhesabia muda kando yake. Amolo akamtazama midomo. Haikusogea. Ukurasa ukageuzwa.

"Hiyo inasema nini?" Amolo aliuliza kwa Kijaluo, taratibu.

Daisy aliinua kidole kimoja kumnyamazisha, macho yakiwa palepale. Ndivyo Obonyo alivyokuwa akifanya. Eddah alikuja akainama begani mwa msichana, akafuatisha mistari, na walipofika mahali fulani wote wawili wakatabasamu pamoja.

Amolo aliweka omena sakafuni akaondoka. Hakuna aliyegeuka.

Jioni, Silanga, Wekulo alisogeza gunia akakaa karibu na kiti kitupu.

"Umemwona? Anasoma kweli huko?"

Amolo aliendelea kukata mboga.

"Sijui," alisema. "Sikusikia kitu."