Profesa Hasi na Kalamu Yake Nyekundu

Wanafunzi walimwita Profesa Hasi, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha kwa kijitabu kimoja alichokiandika mwenyewe, kikapigwa fotokopi hadi herufi zikafifia. Aliamini jambo moja tu kwa moyo wake wote: kwamba katika Hamiltoniani, yaani fomula ya nishati yote ya mfumo, sehemu inayoonyesha elektroni ikishikana na mitetemo ya atomu lazima ianze na alama ya kutoa. Ukiandika kujumlisha, unakatwa kwa kalamu nyekundu bila kusomwa zaidi.

Upuuzi mtupu. Alama ile ni makubaliano. Ukiamua kwamba atomu kusogea kuelekea elektroni ndiyo chanya, unaandika kutoa. Ukiamua kusogea mbali nayo ndiyo chanya, unaandika kujumlisha. Chagua unachotaka, mradi usigeuke katikati. Na Profesa aligeuka katikati: alama aliitoa katika kitabu kimoja, mwelekeo akauchukua katika kingine kinachoita kusogea mbali chanya, akavibandika pamoja na kukaa juu yake kama mfalme.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, meza yangu nyuma ya kabati la mitihani.

Mwaka mmoja akaja mwanafunzi, binti wa fundi redio, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Tasnifu yake ilitumia kujumlisha, na ukurasa wa kwanza ulitaja mwelekeo waziwazi. Profesa, mwenyekiti wa jopo la watahini, alisema hatatia saini. Bila saini hakuna shahada, na nafasi ya kazi aliyoahidiwa maabara ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi.

Nikamwita pembeni, nikamshauri abadilishe tu, kialama kimoja, amalize shida.

"Kaka, wewe ulibadilisha?" akaniuliza.

Nilibadilisha. Miaka kumi nyuma nilifuta kujumlisha kwangu, nikapata shahada, kisha nikapata meza nyuma ya kabati. Nikarudi kwenye meza hiyo.

Siku ya kutetea tasnifu jopo lilijaa, pamoja na mtahini wa nje aliyekuwa akitazama saa kila mara. Profesa alirusha tasnifu mezani na kutangaza kosa la ukurasa wa kwanza. Binti akamwomba, kwa heshima zote, aandike ubaoni fomula ya kijitabu chake, kisha awaonyeshe ioni chanya, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zinasogea wapi elektroni inapozikaribia. Profesa akanyanyuka akitabasamu, kwani hesabu ile hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne chaki ikasimama.

"Zinakwenda mbali," akasema mtahini wa nje, ambaye sasa alikuwa ameacha kutazama saa yake. "Ioni chanya zinaikimbia elektroni iliyo hasi, Profesa?"

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilitamani kucheka hadi mbavu ziume. Profesa alifuta ubao kwa kiganja, akasema chaki ni mbovu, akatia saini bila kumtazama mtu. Binti alikusanya karatasi zake, akashukuru, akaondoka kwenda maabara yake.

Nilidhani mtu akiaibika namna ile hujifunza. Muhula uliofuata Profesa aliniletea bunda la vijitabu vipya, bado vina joto la mashine. Nikafungua. Alama ilikuwa imegeuzwa, na chini yake, kwa herufi nzito: "Ni kujumlisha. Atakayeandika kutoa atarudia mtihani." Mkononi mwake kalamu ilikuwa ileile nyekundu.

Tasnifu yangu bado iko maktaba, rafu ya tatu, ioni zake zote zikikimbilia kusikostahili. Nilimwangalia mzee yule na kumdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu. Kisha nikabeba bunda, nikaingia darasani, nikavigawa.