Dobi Aliyeomba Uchafu

Zamani shati lilikuwa na dobi wake, na kwa kuitazama kola tu watu walijua limepita mikononi mwa nani. Siku hizi linatolewa kwenye mashine limekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu, linavaliwa vivyo hivyo, na mvaaji anasema ndiyo mtindo.

Jambo hilo lilimkera Mzee Pasi kila alipochungulia dirishani. Alikuwa amefua na kunyoosha nguo za mtaa mzima tangu ndevu hazijamwota hadi zikawa nyeupe kuliko shuka za wateja. Kisha wateja wakayeyuka mmoja mmoja, chumba chake cha kazi kikageuzwa duka la makava ya simu, naye akabaki nyumbani akifua vitambaa vya meza ambavyo havijachafuka.

"Mume wangu, hicho kitambaa kimekukosea nini?" mkewe alimuuliza.

Ndipo binti yao kitinda mimba alipohamishwa kikazi, akapata chumba ambacho mwenye nyumba hakutaka ndani yake kiumbe chochote zaidi ya mpangaji. Akawaletea wazazi tangi lake la kioo, dogo, lenye maji ya chumvi, mchanga, mawe na anemoni wawili. Mmoja wa kijani, mwingine rangi ya matofali. Walikuwa wamejishikiza kwenye jiwe moja, wakipepea vidole vyao vingi vyenye ncha zilizovimba kama mapovu ya sabuni.

"Maua mazuri," Mzee Pasi akasema.

"Baba, hao ni wanyama wa baharini. Wana mdomo. Wanakula uduvi."

"Na macho?"

"Hawana."

"Wamestarehe. Hawayaoni mashati ya siku hizi."

Binti akamwelekeza. Maji yakipungua kwa joto aongeze yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe hubaki. Na mawe asiyasugue kamwe: ule utando wa kahawia ndimo wanamoishi vijidudu wanaoyaweka maji salama. Mzee akaitikia naam, naam, huku jicho lake likiwa kwenye utando.

Haikuchukua muda mkewe akaanza kuwaita wanyama wale wake wenza, maana mzee akiamka aliwajulia hali wao kwanza.

"Wenzangu wameamkaje?"

"Wa kijani amenuna."

"Mbembeleze basi. Mimi niliponuna mara ya mwisho ulienda kunyoosha suruali."

Lakini utando! Kila alipoutazama viganja vilimwasha. Alivumilia, akavumilia, hata siku mkewe alipokwenda sokoni akashindwa. Akatoa mawe, akayasugua chini ya bomba. Lile lenye wanyama akalipitishia brashi pembeni pembeni, kama kinyozi anayelizunguka sikio. Mchanga akausuuza mpaka ukawa kama sukari. Maji yote akamwaga, akakoroga mapya ya chumvi. Mkewe aliporudi alikuta tangi linang'aa na mumewe amesimama mbele yake, mikono kiunoni, kama aliyejifungua pacha.

Siku chache baadaye anemoni walisinyaa, wakawa kama soksi mbili zilizosahauliwa mfukoni mwa suruali, midomo imelegea wazi. Ikabidi simu ipigwe.

"Baba, umelifua tangi?"

"Sikulifua. Nimelisuuza."

"Kwa brashi?"

"Brashi laini."

"Basi. Kuna mwenzangu kazini ana tangi kubwa. Nikija likizo nitawachukua nimpe yeye. Kama watakuwa hai."

Mzee Pasi akakaa kitini, simu bado iko sikioni ingawa imeshakatwa. Kazi ilikwenda, wateja walikwenda, na sasa hawa wawili, ambao ndio pekee waliokuwa wakimhitaji kila siku, nao waende? Akavaa viatu, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo.

"Shikamoo, Mzee Pasi."

"Marahaba. Naomba uchafu."

"Unaomba nini?"

"Jiwe lako chafu kuliko yote. Na sponji la kwenye pampu ambalo hujaliosha."

"Mzee, wewe si ndiye uliyenigombeza kwa doa la mchuzi kwenye koti langu la harusi?"

"Nipe uchafu, kijana, usinichimbe."

Alirudi nao ndani ya mfuko, ameushika kwa vidole viwili kama nepi, akautia tangini. Mkewe naye akaficha brashi zote za nyumba ile, hata ya viatu. Tangu hapo mzee akawa anakoroga maji ya chumvi kwenye beseni, anayalaza, kesho yake anabadilisha kidogo tu. Utando ukarudi. Akautazama ukitambaa juu ya kioo, akameza mate, akakaa juu ya mikono yake.

Asubuhi moja wa kijani akachomoza kidole, kisha vyote. Mzee akampa uduvi kwa kibano, naye mnyama akaukumbatia na kuufunika.

"Mama! Mwenzako amekula!"

"Mungu mkubwa," mkewe akasema akija mbio na mwiko. "Ungekuwa mgane na mimi nipo hai."

Binti alikuja likizo na ndoo yenye mfuniko. Akainama kwenye kioo, akashangaa.

"Wamekuwa wakubwa kuliko nilivyowaacha! Lakini yule mwenzangu nimeshamwahidi, Baba. Tatizo ni safari. Ni ndefu, na mnyama dhaifu itamuua. Wewe ndiye unayewajua. Wataiweza? Ukisema bado, nawaacha hapa hapa."

Mkewe akamsogelea mzee ubavuni. "Sema bado," akanong'ona. "Mimi sina wivu tena."

Mzee Pasi akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, na binti angeliamini. Ila katika umri wake wote wa kazi, nguo ikishanyooka aliipeleka kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuambiwa bado kwa nguo iliyokwisha.

"Wataiweza," akasema.

Ndoo aliibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akaiweka miguuni pa binti. Wa kijani alikuwa amejikunja. Yule wa rangi ya matofali alinyoosha kidole kimoja juu, kikanata kwenye dole gumba ambalo binti alilichovya majini.

"Ananing'ang'ania, Baba."

Mzee Pasi akasubiri mpaka kikaachia, kisha akafunika ndoo.