Mlinzi wa Nyasi za Ukingoni

Lorne, msimamizi wa yadi ya saruji kando ya mto Duwamish, aliitamani ile kona ya ukingo aegeshe malori. Yeye na mama mmoja aliyepanda nyasi pale walipatana hivi: samoni wachanga wasipoonekana hadi Mei iishe, kona ni yake. Ndiyo maana hakuacha kumchungulia yule mama wa buti za mpira, aliyezipanda ili samaki wapate pa kujificha. Mikono mipana ya mama huyo ilitandaza kamba juu ya miche kuwazuia mabata bukini, na sauti yake ilishinda mitambo: "Tokeni, walafi! Kwenu hakuna majani?" Buti likinaswa topeni, aliendelea na soksi huku akicheka.

"Mama, samaki wako wamepotea njia?"

"Wanakuja, bosi. Malori yako yatafute kwao."

Siku ya mwisho ya Mei maji yalijaa hadi kwenye nyasi, na ile sauti ikakatika ghafla. Lorne akamkuta amelala kifudifudi topeni, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Chini ya pua yake samoni wadogo kama vidole walikuwa wakimetameta katikati ya majani.

"Usiwatishe," alinong'ona.

Nyuma ya mama bata bukini mmoja alikuwa akijilia miche kwa raha zake. Lorne akavua kofia, akamnyatia, akanong'ona kwa ukali wote aliokuwa nao: "Toka, mlafi! Kwenu hakuna majani?"