Siku ya ntheo Mbotela: baba ya Mwende aliniuliza neno "husband" lilitoka wapi

Wakuu niaje. Hii si stori ya kusikia kwa barbershop. Ni yangu, na shahidi yuko hapa nyuma yangu anasonga ugali. Nikiongeza chumvi atanisomea mbele ya watoto.

Ni nineties. Nimetoka form four juzi, nafanya kazi kwa uncle wangu fundi wa viti pale Kaloleni, Nairobi. Nina msichana, Mwende, mtoto wa Mbotela, mtaa wa jirani. Mimi ni wa Murang'a, yeye ni Mkamba.

Mwende akapata ball, mimba yangu.

Mama yake alijua kabla hatujasema. Neno likatoka kwao: kama sijapeleka ntheo kabla tumbo ionekane kanisani, Mwende anarudishwa ushago Kitui, azalie huko, na mtoto awe wa kwao. Kwa wenye hawajui, ntheo ni zile mbuzi tatu Wakamba hupelekewa ndio binti ahesabike ni bibi yako. Bila hizo, hata mkiishi miaka mingapi, wewe ni mpita njia tu.

Nilikuwa na diary siku hizo. Page ya hiyo wiki nimeandika "nitafanyaje" mpaka biro ikatoboa karatasi.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa mbuzi. Alikuwa mzee mwenyewe.

Mzee Mutiso, baba yake Mwende, alikuwa karani maisha yake yote, na alikuwa na tabia yake. Kijana akikuja kuomba binti, lazima aulizwe neno moja la Kiingereza. Maana yake, na lilizaliwa wapi. Dadake mkubwa Mwende alikuwa amechumbiwa na mwalimu, mwalimu mzima! Akaulizwa "promise". Akaeleza maana vizuri, kwa origin akaanza kukohoa. Akaambiwa arudi mwezi ujao.

Mimi mwezi ujao sikuwa nayo. Tumbo haingojei mtu.

Jumapili baada ya kanisa Mwende akanivuta kando ya choo za council, anaangalia nyuma kama mwizi.

"Neno lako ni husband."

"Umejuaje?"

"Nimemsikia akijisemea. Wewe nenda usome, wacha maswali."

Nikaenda library. Kuna dictionary moja kubwa hapo, nzito kama jiwe la kusagia, ndani ina maandishi madogo ya kuumiza macho. Na wakuu, nilishangaa. Husband haikuanza ikiwa mtu ameoa. Ilitoka kwa lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia. "Hus" ni nyumba. "Bondi" ni mtu anayekaa mahali, ana shamba lake, analima. Kwa hivyo husband wa kwanza alikuwa tu mwenye boma. Mambo ya bibi yakaingia baadaye. Ndio maana hata kwa Agriculture tulifundishwa animal husbandry, na miaka minne sikuwahi kuuliza bwana ya wanyama ni nani.

Nikalikariri kazini. Nikalikariri nikioga. Uncle akaniuliza kama nimeanza kuongea na viti.

Mambo ya mbuzi nikamwachia beshte yangu Karis, aliyekuwa akichuna ngozi pale Kiamaiko, kwa soko na kichinjio cha mbuzi. Akaniambia, "Boss, wewe shughulika na kizungu. Mbuzi niachie. Nitakuchagulia zile ukiangalia tu unasikia njaa."

Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Jumamosi tukafika Mbotela mchana. Mimi, uncle, na Karis na mbuzi tatu juu ya mkokoteni, manyoya yanang'aa, mafuta mpaka shingoni. Majirani wakatoka kuangalia. Nilijiskia waziri.

Ndani tukapewa chai. Yangu nikaiweka chini bila kuonja. Mwende alikuwa kwa mlango wa jikoni na leso kifuani, hata hanitazami.

Mzee akavaa miwani.

"Kijana. Umekuja kuwa husband wa mtoto wangu. Hiyo kitu ni nini, na ilitoka wapi?"

Wakuu, nilitiririka! Nyumba, shamba, Skandinavia, mwenye kukaa, mwenye kulima, mwenye kufuga. Uncle wangu akanitazama kama mtoto wa mtu mwingine. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Sasa twende tuone mbuzi."

Nilidhani imeisha. Kwetu nilikuwa nimezoea wazee wakitaja tu idadi, hakuna anayechungulia mkia.

Shangazi yake Mwende, mama mmoja mfupi wa sauti kubwa, akainama nyuma ya mbuzi ya kwanza. Akainua mkia. Akaenda ya pili. Ya tatu. Kisha akasimama akishika kiuno.

"Mutiso! Huyu ametuletea nyama!"

Uncle akaniangalia. Mimi nikamwangalia Karis. Karis akaangalia angani.

"Zote ni dume," shangazi akasema. "Na zimehasiwa. Hapa hakuna hata moja ya kukupa maziwa ya chai."

Ndio nikaelezwa hapo hapo, mbele ya mtaa mzima. Kwao, dume ni moja, la kuliwa siku hiyo. Zile mbili lazima ziwe majike, ziende kuzaa. Mzee alikuwa na ploti yake Njiru, wakati huo ni vichaka tu, na alikuwa ameshajenga banda. Na Karis, masikini, maisha yake yote mbuzi kwake ilikuwa ya kisu.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Umeniambia mwenyewe husband ni mwenye kufuga. Haya. Hizi utafuga mpaka zizae nini?"

Mwende alikuwa ameanza kulia. Sikungoja uncle aombe msamaha. Nikamwambia mzee, "Nipe mpaka jua lizame." Tukaacha dume moja, tukageuza mkokoteni, tukakimbia na zile mbili.

Kiamaiko soko lilikuwa linafungwa. Majike yaliyobaki yalikuwa mazee, yamechoka, ya kwenda kuchinjwa Jumapili. Nikazunguka nikiuliza kila mwenye kamba. Mwisho nikaona mama mmoja wa Isiolo, bwana yake huleta mifugo, anakamulia wachungaji maziwa ya chai. Mbuzi zake mbili, nyembamba, moja ina mimba.

"Haziuzwi," akasema.

Nikampa zile nono mbili tubadilishane. Akacheka. "Unataka kuchinja hizi mifupa?"

"Mama, mimi sichinji. Nataka kuoa."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. Kisha akafungua kamba, akanionyesha vile ile ya mimba hupenda kushikwa masikio ikikataa kutembea.

Tulifika Mbotela jua likiwa juu ya paa za mwisho. Ile ya mimba ilikataa mkokoteni, nikaja nimeshika hayo masikio njia yote. Shati limejaa kinyesi. Shangazi akainua mikia, akasema tu, "Eee."

Mzee akanishika mkono. "Sasa umejibu."

Halafu akaniinamia kwa sikio.

"Lile neno nilimtuma Mwende akuletee. Neno linasomwa na kila mtu. Ya mbuzi majike nilimkataza asikwambie."

Wakuu, mpaka leo nikipita Njiru kuna mbuzi za ukoo wa ile ya mimba. Na Mwende, nikimuuliza kwa nini hakunidokezea, ananiambia alilia kwa ukweli, nisimsumbue.

Nilichojifunza: siku ile library ilinifikisha mlangoni tu. Usimwachie rafiki kitu chenye wakwe watakupimia.

Haya, mliooa, nyinyi mlipimwa na nini? Na wasee wa Ukambani, hiyo ya mikia ni kila boma, ama ni shangazi yetu tu? Niko hapa nasoma.