Nyasi Nilizozitandikia Mashine

Nikipita karibu na ukumbi wetu wa parokia huwa nainamisha kofia, ingawa walioshuhudia aibu yangu wengi wameshaitwa na Mungu na waliobaki hunicheka kwa upendo (kuchekwa kwa upendo nako kunachosha, ndugu zangu).

Ilikuwa miaka ile ya kuzika. Vita vilipita, ukaja ugonjwa, na mdogo wangu alipofariki mkewe akamfuata, ndugu tukagawana watoto: mkubwa akabaki kwetu Buhembe, wa pili akaenda kwa mjomba wake kule Ngenge, na Koku, kitinda mimba, akachukuliwa na jamaa ya mama yake ambao baadaye tulisikia wamehamia visiwani, kisiwa gani hatukujua. Kila parokia ya Bukoba na Muleba ilikuwa na kumbukumbu zake za watoto wa namna hiyo, na kamati yetu ya yatima (mimi mwenyekiti, kwa sababu ya mvi, si elimu) ilitaka kompyuta moja kubwa ya kuziweka zote pamoja. Mama mmoja wa wafadhili alikubali kuinunua, ila kwanza aione kwa macho yake ikimtafuta mtoto na kumpata.

Kampuni mbili zikaleta mashine zao kutoka Dar es Salaam, kila moja kubwa kama kabati, wenyewe wakiziita seva. Bwana Minja alikuja na ya kwanza, Bwana Salum na ya pili, kumbukumbu zetu zikaingizwa humo, na tangu asubuhi hawakupumzika kujisifu.

"Yangu ukichomoa diski moja inaendelea na kazi," alisema Minja.

"Yangu chomoa mbili," alijibu Salum. "Na haitoi joto la kukaushia kahawa kama ya jirani."

Mimi nilikuwa nimetoka msibani, nimechoka, nikasema moyoni wote ni wageni, na kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Nikakata nyasi laini, nikatandika ukumbini kama nyumbani, na kwa bahati mbaya zikafika hadi chini ya mashine ya Minja.

"Mzee wangu," Salum akasema, "mwenzangu katandikiwa, mimi niko kwenye saruji. Mmeshamchagua?"

"Mungu apishe mbali!" nikasema, nikamtandikia na yeye. Minja akatazama, akasema za mwenzake ni nene zaidi, nikamwongezea, Salum naye akataka sawasawa, mpaka mke wangu, Ma Regina, akaniuliza, "Ta Fransisi, hapo anakaa mgeni au anazaa ng'ombe?"

(Wale mabwana walijua fika kwamba mashine hizo huvuta hewa kwa chini, lakini kila mmoja alikuwa anatazama nyasi za mwenzake.)

Mama mfadhili akafika, tukasali, jenereta ikawashwa, akaniambia nitaje mtoto yeyote. Nikamtaja Koku na jina la marehemu baba yake. Mashine zote mbili zikaanza kutafuta, na mimi nikasimama na rozari mkononi kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Ya Minja ikakohoa, ikatoa harufu ya paa linaloungua, ikaanza kulia kama mbuzi.

"Poleni, ya wenzetu imechoka," Salum akasema, na kabla hajafunga mdomo ya kwake nayo ikalia, ikazima.

Wakapiga magoti, tai zikiburuta chini, wakawa wanavuta nyasi matumboni mwa mashine kwa mikono miwili.

"Nani kaweka nyasi hizi?" Minja akafoka, kana kwamba hajui.

"Mwenyekiti!" sauti ikajibu kutoka nyuma. "Na katandika vizuri mno, waitu, jamani!"

Ukumbi ukaangua kicheko, Padre akaficha uso kwenye kitabu cha sala. Nikamwomba Salum amwazime mwenzake feni ya kupozea mashine, maana ya kwake moja ilikuwa bado nzima. "Haiingii kwenye ya kwake," akasema, "na hata ingeingia nisingempa." Yule mama akasema kwa upole kwamba tutamwita zikipona, akaondoka. Ilichukua muda mrefu sana kumwita.

Koku nilimtafuta kwa mtumbwi, kigango baada ya kigango, nikisimama baada ya ibada kuuliza, mpaka nikamkuta kisiwani Bumbire akianika dagaa, ameshakuwa msichana. "Shikamoo, mzee," akaniambia, kama anavyomsalimu mpita njia yeyote. Ilibidi nimweleze kwamba mimi ni baba yake mkubwa.

Namshukuru Mungu nilimpata. Wageni bado nawatandikia nyasi, siwezi kuacha, lakini mgeni asiye na miguu atanisamehe: atakaa kwenye saruji.