Madoa kwenye Sare Nyeupe

Fundi mmoja wa nguo, aliyebandikwa jina la Mama Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka, alipata kazi ya kushona sare za wauguzi, na hapo ndipo madoa yalipoanza. Nukta ndogo nyekundu, kila mara pale uzi unapokatwa. Alikagua vidole, havikuwa na mchomo. Alifuta cherehani, akabadili sindano, akashona shati moja peke yake dirishani mchana kweupe. Alipoligeuza, nukta mbili.

"Chumba hiki kina mtu," alimwambia mdogo wake, mshona vifungo.

"Labda fundi marehemu wa zamani, dada. Wivu hauzikwi."

Mama Pindo hakucheka. Siku kadhaa alishona mlango ukiwa wazi, kisogo kikimsisimka.

Kisha mchana mmoja mdogo wake akaacha kazi, akamkazia macho. "Dada, hebu kata tena."

Akakata uzi kwa meno, kama alivyofanya miaka thelathini. Ukatoka mwekundu.

"Ni wewe, dada."

Alienda kwenye kioo cha wateja, akainua mdomo. Fizi zilikuwa za zambarau, zimejaa maji na kurudi nyuma, meno yakaonekana marefu kama ya mgeni. Aligusa jino moja la mbele. Likacheza kama kifungo kilicholegea. Halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Daktari wa meno, mwanamke wa sauti ya chini, alipitisha kijiti chembamba cha chuma kando ya kila jino, akimtajia muuguzi namba. "Tatu. Saba. Saba. Tisa."

"Unahesabu nini?"

"Kina cha mifuko kwenye fizi, kwa milimita. Kikizidi tatu tunaanza kuwa na wasiwasi."

"Mbona siumwi?"

"Ugonjwa huu hula kimya kimya, mama. Huanza na fizi, ukaishia kwenye mfupa."

Akachomwa sindano ya ganzi. Nusu ya uso ikawa si yake. Ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, ulikwanguliwa chini ya fizi, naye akausikia ndani ya fuvu, kama panya darini, bila kuhisi chochote. Jino lililopimwa tisa halikuokoka. Lilitoka karibu lenyewe. Aliulizwa kama atakwenda nalo, akatikisa kichwa.

Baada ya mahudhurio manne damu ilikoma, fizi zikakaza. Meno yalibaki marefu. Nyama iliyokwenda hairudi. Sasa hukata uzi kwa mkasi, na kila baada ya miezi mitatu hurudi kwenye kile kiti kupimwa, mikono imefumbatana mapajani.